Kambale mu Sahani ya Mbwa

Lushebere, tarehe 16 mwezi wa tano 1944

Mudogo wangu Anastasie,

Jambo, jambo sana, weye na batoto na ile mbuzi yako ya kiburi. Uko na afia? Miye niko muzima, ni goti tu njo inalia. Mudomo, unaijua, haigonjwake.

Hubert katekista amenifikishia barua yako. Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimekula. Ati karatasi ya Leta, ya serikali, inasema Marcellin bwana yako, ule bapolisi balibeba, alikufa na homa mu njia, balishamuzika, hakuna kuuliza? Na Émile kaka yake anataka unyoe kichwa kama mujane mwisho wa mwezi, kisha uingie mu nyumba yake? Émile mwenye meno mbili! Mudogo, ngoja.

Unajua napikia bantu ya boloko, bafungwa, hapa ku poste ya Muzungu. Tangu bakamate bantu juu ya dini ya Kitawala, polisi Sebahire anakuya jikoni kubeba sahani tatu ya zaidi, anapeleka mu nyumba ya nyuma, ile haina dirisha. Nikamuuliza:

"Sebahire mutoto wangu, nani iko mule?"

"Hakuna muntu, mama. Ni chakula ya mbwa ya Muzungu."

"Mbwa gani inakula maharagi mu sahani?"

"Mama Pétronille, ule mudomo utakupeleka kulia mule mule."

Nikacheka. Lakini kila asubui Muzungu akiingia mule na fimbo na karatasi yake ya maswali, banawasha camion, ile motokari kubwa. Inanguruma mpaka saa sita, haiendi fasi yoyote. Na essence, mafuta yake, iko shida juu ya vita! Banafunika sauti gani?

Basi iko kitu moya Muzungu hajue: samaki kambale njo muziro, mwiko, ya ukoo ya bwana yako. Bababu zake balikataza. Hata akufe njaa, haitie mu kinywa. Kesho naenda soko.

Usinyoe.

Dada yako mwenye kelele,
Pétronille


Lushebere, tarehe 22 mwezi wa tano 1944

Mudogo wangu wa roho,

Jambo tena. Afia nitauliza kesho, Hubert anasimama ku mulango na kofia yake, anangojea barua.

Kambale! Nimepika na mafuta ya ngazi, ya mawese, na ile pilipili yangu. Sahani mbili zilirudi kavu. Ya tatu, kambale iko muzima na macho yake, bugali imeliwa tu upande yenye supu haikufika. Kesho yake, maharagi: sahani tatu zimelambwa. Kesho kutwa, kambale tena: imerudi tena.

Nikasema, "Sebahire, tangu lini mbwa inaacha samaki?"

Hakucheka. Akaninyanganya sahani, akatupa samaki mu majani. "Mama, kama unanipenda, usiseme."

Anastasie, bwana yako anakula! Iko muzima! Lakini usiambie Émile, akikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anavuja kama kitunga. Usiambie hata mama mukwe. Bakijua tunajua, ile homa ya karatasi itamukamata kweli. Na miye, unanijua: siku Victorine jirani yangu alikuwa na mimba, niliambia Lushebere nzima mbele yeye mwenyewe ajue. Sasa hii moya nimeimeza, na tumbo inaniuma.

Dada yako mwenye kunyamaza (usicheke),
Pétronille


Ntoto, tarehe 9 mwezi wa sita 1944

Dada mukubwa,

Jambo sana. Goti yako inaendelea? Batoto biko na nguvu.

Balinoa wembe, baliniketisha kati ya bamama, balimwanga maji mu kichwa. Nikasimama. "Hapana." Baliniuliza juu ya nini. Nikafunga kitambaa ku kichwa. Banasema niko wazimu, na Émile amebeba ile mbuzi. Lakini nywele yangu iko.

Kila juma mupikie ule mbwa kambale moya, nijue.

Mudogo yako,
Anastasie


Lushebere, tarehe 30 mwezi wa kenda 1944

Mudogo,

Jambo. Uko na afia?

Camion hainangurume tena. Sebahire balimupeleka mbali. Nyumba ya nyuma balipaka chokaa, na Muzungu mukubwa mwenye kutoka mbali alikuya kuangalia: balimuonyesha ndoo na ufagio, ati ni nyumba ya vyombo. Sahani tatu, hakuna muntu anazibeba tena.

Sina maneno. Miye, Pétronille, sina maneno. Lakini usinyoe kama sijasema.

Dada yako


Ntoto, tarehe 3 mwezi wa pili 1945

Dada wangu, mama wangu,

Jambo, jambo, jambo! Afia yako? Goti? Ukae chini mbele ya kusoma.

Bwana yangu iko hapa, anaota moto. Alifika juzi na miguu. Vidole yake haishike tena kitu, njo miye namulisha. Mbele ya kumufungua, balimushika kidole gumba, bakaifinya ku karatasi: ati alikuwa anatengeneza barabara, hakuna muntu alimugusa. Karatasi ya kwanza alikufa, ya pili hakuna kitu ilimupata! Émile amerudisha mbuzi, haya mu uso, na mbuzi imenona.

Bantu banakuya kumuuliza, anaangalia tu moto. Leo asubui nikamuuliza juu ya kambale. Njo akacheka, mara ya kwanza. Anasema nikuandikie hivi:

"Shemeki, ile samaki ilinukia mpaka nikalia. Njaa ilikuwa inanikata. Lakini nilijua ile pilipili, nikajua ni weye unauliza kama niko. Mu ile nyumba baliniuliza maswali mpaka nikasahau jina yangu. Ile yako njo moya tu nilijibu."

Mudogo yako mwenye nywele,
Anastasie