Ndege Saba wa Miluzi

Kwako dada yangu mpendwa Lavinia,

Pokea salamu za sote hapa Coldhurst. Natumaini kifua kimekuachia, na kazi ya kiwanda cha soksi haijakuumiza macho. Sisi tu wazima. Mume wangu Enoch amepona homa, na viazi anavila kama zamani. Mimi ndiye sili wala silali, na ukisoma utajua kwa nini.

Habari za mgodi wetu najua zimekufika, maana habari mbaya haikawii. Wewe uliyehamia mjini huenda umeanza kuwacheka wale ndege saba wapitao gizani wakipiga miluzi. Huku hawachekwi. Mtu mmoja akiwasikia, siku hiyo hashuki mtu mgodini. Asubuhi ile nilirudi kutoka kisimani nikamwambia Enoch nimewasikia juu ya kanisa. Alikuwa amekwisha kuvaa buti. Akazivua, na kabla sijamshika akatoka kugonga mlango wa kila jirani, kwani ndiyo desturi, habari hiyo haifichwi.

Meneja alikuja juu kwa hasira, akasema hajapata kuona wanaume wenye ndevu wakitishwa na ndege wa kinamasi. Hata hivyo hakushuka mtu. Mchana dari la mgodi likaporomoka pale pale wanapochimba, likaua farasi wote wa kuvuta mikokoteni, wanaolala kule chini.

Tangu hapo nimekuwa mtu mkubwa, dada. Naletewa keki na nyama ya nguruwe. Hata mama mkwe, Mama Thirza, ambaye mkate wangu hajawahi kuusifu, sasa ananimiminia chai mimi kwanza.

“Ndege haleti msiba, mwanangu,” aliniambia. “Ameuona tu kabla yetu.”

Alidhani ananituliza, kumbe alizidi kunitia hofu.

Mgodi umefunguliwa tena, na kila alfajiri wanaume wanakuja na taa zao kusimama mlangoni kwangu. Josiah Tansley, mcheshi wao, ndiye msemaji.

“Haya shemeji, tushuke au tukalale? Ukipiga chafya tu, mimi narudi kitandani.”

Wenzake hucheka, lakini hawaondoki mpaka nijibu. Zamani kila mtu alitega sikio lake mwenyewe. Sasa wote wanautazama mdomo wangu.

Dada, sikuwasikia. Siku ile Enoch alikuwa anaungua homa, anakohoa makohozi meusi, naye alikataa kubaki nyumbani asije akaitwa mvivu. Ni ndege wale tu wanaoweza kumzuia mwanamume bila kumwaibisha. Nilidhani akishavua buti homa itamlaza, na uongo wangu utaishia chumbani mwetu. Basi kama hakuna ndege aliyeuona msiba, je, niliuita mimi kwa ulimi wangu? Naogopa hata kutaja mvua. Jana nilimwambia mke wa Josiah kweli yote. Akaniziba mdomo kwa kiganja, akasema wenye kipaji siku zote hukikana.

Na leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa. Enoch alirudi jana akisema mbao zinazoshikilia dari zinalia. Zamani wangesikia hivyo wakagoma pale pale, meneja apende asipende. Lakini asubuhi hii walikuja kuniuliza mimi, nami nikawajibu kweli tupu.

“Sijasikia kitu.”

Enoch akawaambia, “Mnaona? Mke wangu hakosei.” Wakashuka wakipiga soga, yeye akiwa mbele yao.

Nilikaa kukuandikia hivi upesi ili nipate akili ya kufanya, maana nilikuwa nazunguka nyumba kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Sasa nimeipata, wala haipendezi. Nikienda kuwaambia niliwadanganya, hakuna atakayeniamini, na watabaki kule chini. Basi nakwenda mgodini nikapige kelele kwamba nimewasikia ndege saba, mchana huu kweupe. Wapande kwanza. Najua kesho watakuja mlangoni wengi zaidi, na sitaweza tena kujinasua.

Nibusie watoto, na shemeji msalimu sana. Kama unaniombea, usiombe nisamehewe. Omba nifike.

Mdogo wako akupendaye,
Keziah