Kusimamishwa Sio Kufukuzwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako bado anakohoa, lakini kahawa tumeshaanika.

Unauliza kwa nini uende darasa la waliosimamishwa shule, wenzako wakucheke. Nilipokuwa mwalimu kijana hapa Iyula, nilifundisha darasa kama hilo kwenye stoo ya kahawa. Siku ya kwanza msichana mmoja, Tabu, hakuja. Nikamfuata kwao.

“Si mmemfukuza, mwalimu?” baba yake akasema. “Nimeshamwoza huko Msangano.”

Barua ya kumsimamisha wiki mbili niliiandika mimi. Mzee yule Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, nami sikwenda kumweleza kwa Kinyiha.

Nilirudi stoo nikaita majina. La Tabu nililiita pia, nikasubiri.

Kesho nenda, Neema. Wakiita jina lako, itika.

Bibi yako