Nakulindia Goli

Mwenzangu, nimeumbuka! Mpaka sasa uso unawaka.

Ule mchezo wa kompyuta wa magari yanayocheza mpira, ulioniachia ulipohama. Leo nimepangiwa timu mtandaoni na mtu nisiyemjua. Mimi naufukuza mpira uwanja mzima kama mwenda wazimu, huku najisemea, "Chakula kimepoa, kipoe tu. Nani ananiona?"

Mara sauti ya kiume: "Dada."

DADA! Kumbe maiki ilikuwa wazi muda wote! Nimeshaimba, nimeshagombana na cherehani iliyonikatia uzi!

Akasema, "Usiukimbilie mpira kila saa. Mmoja akienda, mwingine abaki golini. Na ule moto wa kuongeza kasi usiumalize, utakosa wa kurudia golini."

Halafu, kwa upole kabisa: "Kapashe chakula, ule. Nakulindia goli."

Nakulindia goli! Mtu hata jina langu halijui!

Nikaenda kupasha kweli. Narudi, tumefungwa sita, na gari lake bado limesimama golini.

Mechi imeisha, naye ameshaondoka. Tangu yule mteja aliyefuata suruali yake Alhamisi, hakuna mwingine aliyeongea na mimi.

Maiki sasa najua inapozimwa. Sijaizima.