Fimbo ya Mama na Tetemeko

Bariadi, Jumanne usiku

Bado namcheka Mama. Jioni ardhi ilipotetemeka na vikombe kugongana kabatini, alitoka mbio na fimbo akidhani ng'ombe wamevunja zizi. Akawakuta wamesimama kimya, wanamtazama yeye.

Akacheka na yeye, kisha akaniuliza, "Na Masanja je?"

Kaka yangu ana duka Lindi, karibu kabisa na bahari. Hata mimi huwa nina wasiwasi naye. Basi Mama akampigia mwenyewe.

"Ardhi ikitikisika huko, usingoje kuambiwa. Kimbilia mlimani, bahari inaweza kukufuata."

"Sawa, Mama. Nitafunga duka kwanza, huku wezi wengi."

Huyo ndiye Masanja!

"Duka sikulizaa mimi," Mama akasema, akakata simu.