Swali la Ajali kwa Kijapani

Mtaa wa Ng'ambo, Tabora, Jumapili, baada ya alasiri

Kwa hiyo sasa, na meno yangu haya manane, mimi ni mwanafunzi wa Kijapani. Wenzangu huanza na jina na hali ya hewa. Mimi nimeanza na ajali.

Sababu ni binti yangu Mwajuma, anayehudumia wazee huko Japani. Mwezi mzima amekuwa akinipigia simu: "Shikamoo baba, huku salama kabisa." Kumbe alianguka na baiskeli. Shoga yake ndiye aliyeniambia.

Adabu hiyo nilimfundisha mwenyewe. Nilipovuka ziwa nikikimbia vita, niliwakuta watu wa Tabora wakimaliza salamu zote, salama, salama, ndipo waseme kuna msiba. Nikaipenda. Sisi wakimbizi tulifika tukipiga mayowe.

Leo nimemwacha amalize usalama wake, kisha nikasoma kwenye karatasi: "Kega wa arimasen ka?" Yaani, hujaumia?

Akacheka. "Baba! Nani kakufundisha?"

"Jibu kwanza."

"Mkono umevunjika, baba. Hata nywele siwezi kuchana." Akalia kama mtoto. Inaonekana adabu yetu haikupewa viza.

Alipotulia akauliza, "Na goti lako?"

Juzi msikitini lilikataa kunyooka, nikainuliwa na watu wawili kama gunia la mpunga.

"Salama tu, mwanangu."

"Baba. Kega wa arimasen ka?"

Nikageuza karatasi upande wa pili. Nilikuwa nimenakili swali tu.