Wote Tisa Wametoka Salama

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika redio nne, wenye nyumba wawili, na daktari mmoja aliyeniapia kwamba sitafika sabini — viatu vyake vya mwisho nilivibandika soli mimi mwenyewe. Nimemzika na mke wangu. Hilo silifanyii mzaha.

Daftari hili kanipa binti yangu muuguzi. Anasema, Baba, herufi zako kubwa kama magogo, jizoeze kuandika ndogo. Haya, najizoeza. Hapa hasomi mtu.

Nianze na sifa zangu, maana nikiwaachia wengine watazipunguza. Mimi ni fundi viatu. Mtaa huu hakuna anayenifikia, na wa pili pia hakuna. Mlangoni pa duka langu pana ubao mweusi. Kila asubuhi nasikiliza habari za dunia redioni, halafu naziandika ubaoni kwa chaki, wapitao wasome. Ubao aliuanzisha marehemu mke wangu. Mimi nilikuwa sijui hata A. Alinifundisha nikiwa na miaka sitini na moja, ili siku akiwa hayupo mtaa usibaki gizani. Ndivyo alivyosema. Tangu aondoke sijakosa siku — mafua, jua kali, hata siku niliyojigonga dole gumba kwa nyundo.

Mkono wangu mzito. Mstari mmoja, robo saa nzima. Kwa hiyo nina mtindo wangu: naanza na mwisho wa habari. Ukianza na mwanzo, mpaka uufikie mwisho dunia imeshageuka. Majina ya nchi siandiki. Majina marefu, chaki fupi. Naandika KULE MBALI, inatosha.

Leo: BIBI WA MIAKA 91 AMEMALIZA SHULE. KULE MBALI. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ni muoka mikate, akasoma akasema bibi huyo sasa atataka mchumba aliyesoma, kwa hiyo mimi nisijisumbue. Mjinga yule! Nilicheka nusura nimeze misumari niliyokuwa nimeibana mdomoni.

Chini yake nikaandika: WATU TISA WAMEFUNIKWA MGODINI. Siku ya sita leo. Hawajasikika.

Jumanne, 4 Machi

Barua imefika baada ya miaka arobaini na nane! Kule mbali. Ilidondoka nyuma ya kabati la posta. Kijana alimposa msichana kwa barua, msichana hakujibu, kila mmoja akaenda zake. Sasa wote wajane. Bibi kajibu: ndiyo, lakini aje mwenyewe, asitume barua tena. Mtaa mzima ulicheka mbele ya ubao.

Fundi cherehani pekee hakucheka. Ana duka ng'ambo ya barabara, mwanamke wa miaka hamsini hivi, maneno yake yanachoma kuliko sindano zake. Aliuliza tu, Mzee, na wale wetu? Wale tisa wa mgodini. Keshawafanya wake.

Nikamwambia bado kimya. Akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi, 6 Machi

WAPO HAI! Nilikuwa nimepakata kiatu, nikakirusha sijui wapi. Msomaji wa habari kasema bomba jembamba limewafikia chini, watu wa juu wakaligonga, wakasikia nao wanagongewa. Mara tisa. Kila mtu mara moja! Sikungoja zaidi. Redio niliiacha inaongea peke yake, nikashika chaki, nikaanza na mwisho kama kawaida yangu:

WOTE TISA WAMETOKA SALAMA.

Herufi safi, hata marehemu angezisifu. Jamani, mtaa! Shemeji alitoka na kapu la mikate ya asubuhi, akaigawa bure, yeye ambaye hata sampuli hatoi. Kondakta mmoja kamshika mwanamke asiyemjua wakacheza katikati ya barabara. Fundi cherehani akaja mbio na futi ya kitambaa shingoni, akanikumbatia, akalia mpaka shati langu likalowa. Nikampiga-piga mgongoni nikamwambia, si nilisema? Sikuwa nimesema kitu. Lakini siku kama ile mtu husema.

Jioni. Binti yangu karudi kutoka kazini, kasoma ubao, kaingia ndani taratibu. Baba, hawajatoka. Wamesikika tu. Shimo la kuwatolea halijaanza kuchimbwa. Siku kumi au zaidi.

Nikamwambia chai imepoa.

Ijumaa, 7 Machi

Wote wanajua. Simu zao zimewaambia. Shemeji kasimama mlangoni na kapu tupu, eti nimrudishie mikate yake arobaini, na wale walioila niwakamue mimi mwenyewe. Toka leo jina langu ni Redio Mbao. Hata wateja. Redio Mbao, kisigino changu tayari?

Hayo nayaweza. Fundi cherehani ndiye aliyeninyamazisha. Alikuja polepole. Akasema baba yake alikuwa mchimba visima. Kisima kilimwangukia baba huyo, yeye binti akiwa na miaka saba. Mtu mmoja akaja nyumbani mbio, ametoka, ametoka! Mama yake akawasha moto, akabandika maji ya kumwogesha. Yalichemka mpaka yakakauka. Hakuwa ametoka.

Akasema, usicheze na watu walio chini ya ardhi, Mzee. Futa.

Ningesema nisamehe mwanangu, yangeisha. Neno lilifika hapa, kooni. Likatoka jingine. Nikasema: ubao haujadanganya. Umewahi tu.

Akanitazama. Akasema, basi tuone. Akipungua hata mmoja, ubao huu wangu. Naulaza uwe meza ya kupigia pasi.

Nikasema chukua! Na mpaka watoke sifuti herufi hata moja, na habari nyingine siandiki!

Mdomo huu. Umeniponza tangu ujana wangu. Ubao wa marehemu — nimeuweka rehani kwa ubishi.

Jumapili, 9 Machi

Duka limefungwa. Nilikwenda tu kuutazama ubao.

Binti yangu anasema, Baba, mtu mzima akikosea anafuta, ndiyo maana chaki ikaitwa chaki. Maneno ya mama yake kabisa, na jicho lile lile. Nikashika kitambaa. Nikakifikisha kwenye neno WAMETOKA. Nikashindwa.

Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: si kiburi peke yake. Kiburi kipo, sikatai, ninacho kingi na kizuri. Lakini nikilifuta neno lile naona kama nawarudisha chini kwa mkono wangu. Wamekaa pale ubaoni siku tatu, wametoka, wana jua usoni. Niwasukume?

Nimekiweka kitambaa.

Jumatano, 12 Machi

Dunia haina adabu. Mimi nimefunga ubao, yenyewe ndiyo imezidi kufanya mambo! Mbwa aliyepotea miaka sita karudi nyumbani kwao akakuta wamehama, akapanda basi peke yake mpaka kwenye nyumba mpya. Kijiji kizima kimejifunza lugha ya alama kwa ajili ya mtoto mmoja asiyesikia, mpaka mzee anayeuza magazeti. Mabaharia waliokuwa hawaelewani wamejifungia chumba kimoja, wametoka wamefanya kwaya. Na ubao umejaa!

Basi natangaza kwa mdomo huku nagonga soli. Watu wamejaa dukani kuliko zamani. Wanaleta viatu vizima ili wapate pa kukaa. Mwanamke mmoja kaleta kiatu, nikamuuliza kina nini, akasema hakina kitu, yule mbwa alilipa nauli?

Na wale tisa wanaongea sasa! Kupitia bomba. Wameomba soksi kavu, karata, na mkubwa wao, mzee wa miaka sitini na nane, kaomba wembe. Eti hawezi kumtokea mkewe mbele ya dunia na ndevu kama beberu. Huyo ni ndugu yangu. Simjui jina wala sura, lakini ni ndugu yangu. Fundi cherehani naye alicheka habari ya wembe. Nilimwona kupitia dirisha. Akageuka haraka nisione.

Alhamisi, 13 Machi

Mashine ya kuchimba imevunjika. Udongo umesogea. Msomaji wa habari leo sauti yake ilikuwa ndogo.

Na mchana mvua. Nilikuwa kwa muuza ngozi. Mvua ya ghafla, ya kupiga kwa upande, moja kwa moja kwenye ubao. Nilikimbia. Ndiyo, nilikimbia, kwa magoti haya, na ndala moja ilibaki kwenye tope. Nikasema moyoni basi, maji yanawafuta, nimekwisha.

Nafika — fundi cherehani amesimama mvuani, kauzungushia ubao pazia la watu, jipya, la maua mekundu, kalishika pembe mbili kwa mikono yote miwili. Kalowa chapa chapa. Nikasimama nimemkodolea macho, mguu mmoja peku!

Akasema, usinitazame hivyo, Mzee. Pazia ni la mteja, atapata hasira, utamjibu wewe.

Mvua ilipokatika tukafunua. WOTE TISA imebaki. SALAMA imebaki. WAMETOKA imechuruzika yote, pamebaki ukungu mweupe. Nikatafuta chaki yangu, imegeuka uji mfukoni.

Yeye akatoa ile chaki yake ya kuchorea vitambaa, ya buluu. Akaliandika upya. Herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri wa kufundishwa shule. M aliipitia mara mbili.

Ndipo nikasema, nisamehe mwanangu. Kumbe neno lenyewe ni jepesi, halina hata uzito wa msumari.

Akasema, nilikusikia toka ile Ijumaa. Lilikukwama hapo kooni, nililiona. Lakini dau letu liko pale pale, usijifanye umesahau.

Jumamosi, 15 Machi

Mashine nyingine imeletwa. Imetoboa! Jumatatu asubuhi wanaanza kuwavuta, mmoja mmoja, kwenye kizimba chembamba kama bomba la moshi.

Shemeji kanizuia njiani. Anasema akioka mikate ya furaha mara ya pili na mimi nimewahi tena, atanioka mimi. Nikamwambia mimi siivi, nimeshapita moto mwingi. Akacheka. Halafu akasema, dada angefurahi, lakini kwanza angekuchapa. Kweli kabisa.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika hapa hapa dukani, daftari gotini, kadiri mambo yanavyokwenda. Sirudii kosa. Leo naanza na mwanzo.

Redio iko juu ya meza, sauti mpaka mwisho. Watu wamejaa ndani, wamefika barabarani, magari yamesimama na madereva wameshuka. Fundi cherehani kafunga duka lake — hajawahi! — kakaa kwenye kigoda cha wateja, kashika chaki yake ya buluu kama mshumaa. Binti yangu kabadilishana zamu. Shemeji yuko mlangoni na kapu kubwa, kalifunika kwa kitambaa na kuweka mkono juu. Harufu inatutesa. Kasema mpaka wa tisa, hata mtu azimie.

Wa kwanza katoka. Kijana. Kapiga magoti, akakumbatia bomba!

Wa pili. Wa tatu anaimba.

Wa nne kauliza timu yake ilifungwa au ilishinda. Ilifungwa. Kasema basi nirudisheni chini. Mtaa hoi kwa kicheko!

Wa tano, wa sita. Ndugu wawili hao, mama yao kawachapa kofi kila mmoja halafu akawakumbatia.

Wa saba. Hapa fundi cherehani kaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza. Kavimaliza vya mkono mmoja, kahamia mwingine.

Wa nane!

Bado yule mzee. Kakataa kupanda kabla ya vijana. Walimwomba, wakamwamuru, akasema yeye ndiye mkubwa. Mbishi! Ningefanya vile vile. Sasa yuko peke yake chini. Kizimba kimeshuka. Kimefika.

Hakipandi.

Nasikia saa ya ukutani ya marehemu. Hakuna anayekohoa. Dakika nne. Fundi cherehani kafumba macho. Najua anakiona kisima.

Msomaji wa habari kacheka! Anacheka redioni, hawezi kusema. Anasema — mzee ameomba wasubiri kidogo. Upande mmoja wa shavu bado. Ananyoa ndevu!

Duka lote limelipuka. Fundi cherehani analia na kucheka, kanipiga na futi yake begani, eti huyo ni ndugu yako kweli, Mzee, damu moja!

Niandike na mashahidi, asije mtu kesho akasema Redio Mbao katunga. Aulizwe fundi cherehani, aliyeandika WAMETOKA kwa mkono wake na chaki ya buluu. Aulizwe shemeji yangu muoka mikate, ingawa atadai yeye ndiye aliyejua tangu mwanzo. Aulizwe binti yangu, ambaye hajui kusema uongo hata kwa wagonjwa. Na mwenye pazia la maua mekundu, yupo hapa, kasimama kwenye dirisha langu, na amesamehe.

Kamba imeanza kuvuta. Wanasema mita mia tatu. Mia mbili na hamsini. Shemeji kashika pembe ya kitambaa, hajafunua. Fundi cherehani kanisogelea, vidole vyake vya baridi, kanishika mkono, huu huu ninaoandikia, na hauachi, mia mbi