Gunia la Chokaa Nililolimaliza Mimi

Mpendwa Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Leo nimepita nyuma ya ile hospitali ya Butembo tuliyoifanyia usafi wakati wa vita, mimi na wewe. Vile vitanda vya mchanga tulivyokaushia uchafu vimeota nyasi. Nikacheka peke yangu nilipokumbuka ulivyokuwa ukiimba, kitambaa umejifunga puani, utadhani tunachuma maua, kumbe tunachota tope la vyoo.

Watu walikuwa wamekimbia kutoka Kalunguta, vyoo vikajaa, na chini ya mteremko kulikuwa na chemchemi ambako mtaa mzima ulichota maji. Ulitaka tope lote likauke kabla ya mvua. Ulikuwa ukilitilia chokaa na kulikoroga taratibu mpaka lishikane mabonge mabonge, ndipo tulimwage juu ya mchanga. Maji yalichuruzika chini, juu likabaki kavu la kuzoa kwa beleshi. Mimi nilikuona mjuzi kuliko daktari yeyote.

Mikono yangu ilijua kusonga bugali tu.

"Katungu, hapana songa!" ulinipigia kelele. "Pole pole! Ukipiga nguvu, bidonge binavunjika, maji inabakia mule mule."

Siku ulipokwenda kwenye matanga ya jirani, nilitaka urudi ukute kazi imekwisha. Nikatia chokaa, nikasonga kwa nguvu zote. Likawa uji. Nikaongeza chokaa, nikasonga tena, na tena, hadi gunia letu la mwisho likaisha. Nikarudisha uji wote shimoni.

"Lakini chokaa iliishaka namna gani?" uliniuliza.

"Maji ilimwangika mu gunia, Yaya."

Hukunigombeza hata kidogo. Ulisema tu, "Iko ingine Kirumba. Nitaenda kesho." Asubuhi ukapanda lori. Mchana tukasikia kwamba njiani wanapigana. Lori halikurudi, wala wewe.

Yaya, nina hamu na sauti yako, hata ile ya kunikaripia. Miaka yote hii Mama ananiuliza kwa nini uliondoka haraka vile, na mimi nageuza maneno, namwongezea chai. Nimezeeka na uongo huu mmoja. Nimeona haya kumwambia yeye kabla yako.

Sasa umeusikia. Nafunga barua, navaa viatu, naenda kwa Mama.

Pumzika popote ulipo.

Mdogo wako,
Katungu